Kabla ya Kulipia Kozi ya Umeneja, Andika Swali Lako

Msimamizi wa kliniki Laini Saba alianza kazi akiwa muuguzi. Mwalimu mkuu wa shule ya binafsi Gatwekera alianza na chaki mkononi. Meneja wa sacco ya wafanyabiashara wadogo Kawangware alikuwa karani ambaye hesabu zake hazikupungua hata shilingi. Wote walipandishwa cheo kwa sababu walikuwa hodari katika kazi yao ya kwanza, kisha wakajikuta katika kazi ya pili ambayo hakuna aliyewafundisha. Sasa wanaajiri na kuachisha watu kazi, wanapanga bajeti, wanawajibu wafadhili, wanasuluhisha ugomvi wa wafanyakazi, na ndio wanaoamua kama watafungua tawi jipya au watamaliza kwanza deni la kodi ya ploti. Baada ya miaka kumi wanajua mengi, lakini mengi hayo wameyajua kwa kuumia.

Makala haya ni yao, na ni ya kila mtu wa Kibera au Kawangware aliye katikati ya safari yake ya kazi, mwenye watu chini yake na bosi au bodi juu yake, anayefikiria kusomea usimamizi bila kuacha kazi. Nina ushauri mmoja, na mengine yote yatatoka humo: usiingie darasani kabla hujaandika tatizo moja halisi la mahali unapofanya kazi, na usikubali kozi imalizike kabla hujalitolea uamuzi. Cheti kitakusaidia siku ya kuomba kazi nyingine. Tatizo lililotatuliwa litawasaidia wagonjwa, wanafunzi na wanachama wako kuanzia mwezi huu, na litakujengea jina ambalo cheti peke yake hakiwezi kulijenga.

Kozi hizi zinafundisha nini

Usimamizi wa jumla ni kuiona taasisi nzima kwa pamoja. Mhasibu anaona pesa, mwalimu anaona somo, muuguzi anaona mgonjwa aliye mbele yake. Meneja anatakiwa aone jinsi uamuzi wa upande mmoja unavyogusa pande nyingine zote. Kwa hiyo kozi hizi hupitia fedha, wateja na masoko, uendeshaji wa kila siku, watu na mishahara yao, na mwisho mkakati, yaani kuamua mtafanya nini na mtaacha nini.

Mafunzo haya kwa watu walio kazini yana historia ndefu. Chuo cha biashara cha Harvard, Marekani, kilianzisha programu yake kwa viongozi wakuu mwaka 1945, Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikimalizika. Barcelona, Uhispania, chuo cha biashara cha IESE kilianza mwaka 1958. IESE ikasaidia kuanzishwa kwa Lagos Business School ya Nigeria mwaka 1991, na Strathmore Business School ya hapa Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2005, ikafuata njia hiyo hiyo. Programu ya Strathmore ya mameneja wa ngazi ya kati hugawanywa katika vipindi vifupi kwa miezi kadhaa, ili mtu asome na kurudi kazini.

Usidhani mambo haya ni ya watu wa mbali. Chuo cha Strathmore kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa Lavington, mahali ambapo mtu wa Kawangware hufika kwa miguu, na leo kiko Madaraka, si mbali na Kibera. Kenya Institute of Management ipo tangu 1954. Serikali nayo ilikuwa na Kenya Institute of Administration kule Lower Kabete tangu 1961, ambayo kwa sheria ya mwaka 2012 iliunganishwa na vyuo vingine vya mafunzo ya serikali na kuwa Kenya School of Government. Huko kuna kozi ya wiki nne ya mameneja waandamizi na nyingine ya wiki sita ya uongozi wa kimkakati, na watumishi wengi wa umma wanazijua kwa sababu kwa miaka mingi zimehesabiwa wakati wa kupandishwa cheo.

Anza na swali, na liwe na tarakimu

Watu wengi hujiunga wakiwa na nia pana: wanataka kuwa viongozi bora. Nia hiyo ni njema, lakini haimwambii mwalimu akusaidie wapi, wala haikuambii wewe usikilize nini zaidi. Swali zuri lina mahali, lina tarakimu na lina muda.

Tuchukue mfano wa shule ya binafsi yenye wanafunzi 240, kila mmoja akitakiwa kulipa KSh 1,200 kwa mwezi. Kwenye karatasi mapato ni KSh 288,000. Matumizi ni mishahara ya walimu 12 kwa KSh 12,000 kila mmoja, yaani 144,000, kodi 40,000, chakula cha mchana 60,000, maji, stima na vifaa 16,000. Jumla ni KSh 260,000. Mwalimu mkuu akitazama karatasi hii anaona ziada ya KSh 28,000, lakini kila tarehe tano anakopa ili alipe mishahara, na haelewi pesa huenda wapi.

Sasa hesabu waliolipa kweli. Ikiwa wanafunzi 36 kati ya 240 hawakulipa mwezi huo, kilichoingia ni KSh 244,800 na pengo ni KSh 15,200. Mawazo ya haraka ni kuongeza wanafunzi. Jaribu: watoto 30 zaidi wanahitaji mwalimu mmoja wa KSh 12,000, chumba cha KSh 5,000 na chakula cha KSh 7,500. Wakilipa kwa kiwango kile kile cha wenzao, wataleta KSh 30,600, na baada ya gharama zao utabaki na KSh 6,100 tu. Pengo bado lipo, na madarasa yamejaa zaidi. Lakini wazazi wa wanafunzi 13 kati ya wale 36 wakilipa, pengo limezibwa bila kuongeza dawati hata moja.

Hapo ndipo usimamizi wa jumla unapoanza. Kukusanya karo ni jambo la fedha, na papo hapo ni jambo la wateja, kwa sababu mzazi anayeosha nguo Lavington au anayefanya mjengo hulipwa kwa siku, na ratiba yako ya malipo inadai kwa mwezi. Ni jambo la uendeshaji, kwa sababu mtu fulani lazima apokee M-Pesa ya KSh 300 kila Ijumaa na kuiandika kwa jina sahihi. Ni jambo la watu, kwa sababu mwalimu asiyelipwa kwa wakati huanza kutafuta shule nyingine katikati ya muhula. Na ni jambo la wito wa shule yenyewe, kwa sababu mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo anakosa masomo, na matokeo yakishuka wazazi wanaolipa ndio wanaohama kwanza.

Kwa hiyo swali la kupeleka darasani si "nitaboreshaje shule yangu?" Andika hivi: "Nitafanyaje ili, kufikia mwisho wa muhula ujao, angalau wanafunzi 217 kati ya 240 wawe wanalipa karo kamili bila mtoto kufukuzwa?" Ukiwa na swali hilo, somo la fedha, la masoko na la watu yote yatakuwa na pa kushika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo kabla ya kujiandikisha, kaa wiki tatu au nne na daftari la taasisi yako. Kama halipo au haliaminiki, anza na kozi fupi ya uwekaji hesabu, ambayo ni nafuu zaidi, kisha urudi kwenye hii.

Kwa nini nasisitiza hivi

Katika mitaa yetu uamuzi wa meneja unagusa maisha moja kwa moja. Septemba 2019 jengo la madarasa liliporomoka katika shule moja Ng'ando, Dagoretti, jirani na Kawangware, na watoto wakafa. Julai 2018 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kibera kupisha barabara, na shule zikaenda nazo. Mtu anayesimamia shule au kliniki huku anaamua kuhusu jengo, ardhi, hati na akiba ya dharura, iwe amefundishwa au hakufundishwa. Somo la hatari na jinsi ya kujiandaa nazo, ambalo wengi hulichukulia kama la mabenki na makampuni ya bima, kwetu ni la lazima.

Tena mitaa hii imezaa taasisi kubwa zilizoanza na kidogo sana. Mwaka 2001 muuguzi Tabitha Festo, Salim Mohamed na Rye Barcott walianzisha shirika la Carolina for Kibera. Mama Tabitha alikuwa ameanza na mtaji mdogo wa kuuza mboga, na kutoka humo akaanzisha kliniki ambayo baadaye ilibeba jina lake. Mwaka 2004 Kennedy Odede alianzisha shirika la SHOFCO akiwa kijana wa Kibera, na mwaka 2009 ikaja shule yake ya wasichana. Kazi kama hizo huanza kwa moyo wa mtu mmoja, lakini zinapofika kuwa na wafanyakazi kadhaa, wakaguzi wa hesabu, bodi na wafadhili wenye masharti tofauti, moyo peke yake hautoshi tena. Hapo ndipo mwanzilishi au meneja wake anapohitaji kujua kusoma mizania, kugawa madaraka na kumwandaa mtu wa kushika nafasi yake.

Chagua kozi inayolingana na kazi yako

Usichague kwa ukubwa wa jina. Mwalimu mkuu aanze kuuliza Kenya Education Management Institute, inayofundisha wakuu wa shule na ina diploma ya usimamizi wa elimu inayoweza kusomwa na mtu aliye kazini. Meneja wa sacco au chama cha ushirika aangalie Co-operative University of Kenya kule Karen, chuo kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1952 na kupata hati ya chuo kikuu mwaka 2016. Walio katika afya wajue kwamba shirika la Amref, ambalo kwa miaka mingi limeendesha kituo cha afya Kibera, lilishirikiana na chuo kikuu cha UCLA cha Marekani na kampuni ya Johnson & Johnson kuanzisha mafunzo ya usimamizi kwa viongozi wa afya Afrika mwaka 2006. Katika mafunzo yale kila timu iliandaa mradi wa kuboresha huduma mahali inapotoka, na hicho ndicho kipimo ninachopenda utumie kwa kozi yoyote: je, itanidai nifanye jambo kwangu, au itanidai nijibu mtihani tu?

Aliye katika biashara au kampuni, au anayetaka kozi isiyofungamana na sekta moja, aangalie Strathmore, Kenya Institute of Management, USIU-Africa, au Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kitivo chake cha biashara kiko Lower Kabete na kwa miaka mingi kimekuwa na MBA kwa watu walio kazini.

Kabla ya kulipa, uliza maswali haya na uandike majibu. Nani atakuwa darasani pamoja nami? Sehemu kubwa ya utakachojifunza itatoka kwa wenzako, hivyo darasa lenye mameneja wa hospitali, kiwanda, benki na mashirika ya jamii lina faida kuliko darasa la watu wanaofanana. Nani anafundisha, na aliwahi kusimamia nini? Mwishoni nitapata nini hasa? Cheti cha kuhudhuria si sawa na diploma, na diploma si shahada. Ukilenga shahada, hakikisha chuo kinatambuliwa na Commission for University Education. Nikiugua au kazi ikinibana, naweza kukamilisha kipindi nilichokosa na kundi linalofuata? Na mwisho, omba uzungumze na watu wawili waliomaliza mwaka jana. Usiwaulize kama waliipenda kozi. Waulize walibadilisha nini kazini.

Nani atalipa

Usianze na mfuko wako. Mwajiri hutozwa KSh 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kama ada ya mafunzo, inayosimamiwa na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda. Mwajiri anayelipa ada hiyo anaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo, mradi mkufunzi awe ameidhinishwa na NITA na ombi liwe limepelekwa kabla mafunzo hayajaanza. Mashirika mengi madogo hulipa ada hii mwaka baada ya mwaka bila kudai chochote. Mwulize mhasibu wako, kisha umpelekee bosi jambo hilo likiwa limeandikwa.

Ukifanya kazi katika shirika la jamii, angalia bajeti za miradi. Wafadhili wengi hukubali fungu la kujenga uwezo wa wafanyakazi, lakini halijiweki lenyewe, lazima mtu aliandike wakati pendekezo la mradi linaandaliwa. Kwa masomo ya chuo, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, ina mkopo wa Jielimishe kwa watu wenye mshahara wanaoendelea kusoma. Sacco yako nayo huenda ina mkopo wa elimu au wa maendeleo wenye riba unayoweza kuihesabu. Mikopo ya simu usiiguse kwa jambo hili. Muda wake ni wa siku, na faida ya masomo ni ya miaka.

Mwajiri akikubali kulipa, huenda akataka usaini kwamba utakaa miaka miwili au mitatu. Hiyo ni haki yake, lakini soma kila mstari: je, ukiachishwa kazi bila kosa utadaiwa? Deni linapungua kadiri unavyoendelea kufanya kazi, au linabaki lote hadi siku ya mwisho? Na mpe kitu cha kushika. Barua ya ukurasa mmoja yenye swali lako, tarakimu zake na tarehe utakayoleta matokeo ina uzito kuliko maneno mengi kuhusu kukua kitaaluma.

Muda, njia na nyumbani

Madarasa ya jioni huisha saa mbili au tatu usiku. Kama unarudi Soweto au Gatina, panga usafiri kabla ya kupanga vitabu. Tafuta mwenzako wa darasani mnayeelekea upande mmoja, weka pembeni pesa ya bodaboda ya kutoka stejini hadi mlangoni, na kama wewe ni mwanamke unayetembea peke yako usiku, pima kwa uzito kozi za Jumamosi au za vipindi vya siku tatu nne mfululizo. Nauli ya matatu, chakula cha jioni na bando za intaneti ni sehemu ya karo. Ziandike kwenye bajeti yako tangu mwanzo.

Chumba kimoja chenye watoto na redio ya jirani ni mahali pagumu pa kusomea. Tumia ofisi saa moja kabla ya wengine kufika, darasa la shule baada ya watoto kuondoka, au maktaba ya umma ya Kibera mwishoni mwa wiki. Pakua kila kitu kwenye simu mapema, kwa sababu stima itapotea usiku ule ule uliotenga kusoma.

Zaidi ya yote, kaa na mkeo au mumeo kabla ya kujiandikisha. Semeni wazi nani atafuatilia kazi za shule za watoto, nani atakwenda mkutano wa chama, na mtakosa nini kwa miezi hiyo. Mtu mzima akiacha masomo mara nyingi shida imeanzia nyumbani. Na kama kuna mtoto mchanga, mzazi mgonjwa au kesi ya ardhi, subiri mwaka. Kozi itakuwepo.

Ukiwa darasani

Kozi nyingi za aina hii hufundisha kwa visa: unapewa habari ya taasisi halisi iliyokwama, na darasa linajadili lingefanya nini. Soma kisa mara mbili ukiwa peke yako. Mara ya kwanza jiulize nani anatakiwa kuamua, na aamue nini. Mara ya pili fanya hesabu zote, hata zile ambazo hujaambiwa uzifanye. Kisha kutana na kikundi chako, na ukiingia darasani uwe na uamuzi wako, hata kama utaubadilisha baada ya nusu saa.

Utakaa karibu na mtu wa benki mwenye Kiingereza laini na gari nje. Usinyamaze kwa sababu hiyo. Umeendesha kliniki maji yakiwa yamekatika, umewalipa watu mshahara mapato yakija kwa vipande, umewabakiza wafanyakazi kazini wakati wa vurugu za uchaguzi. Mengi kati ya hayo hayamo katika visa vya vitabuni, na darasa linayahitaji. Sema kwa tarakimu na kwa ufupi, watakusikiliza. Naye akueleze yale usiyoyajua, kama jinsi benki inavyopima ombi la mkopo. Mkimaliza, uhusiano huo utaendelea kukusaidia, kwa hiyo usiuache uishie siku ya picha.

Jumatatu

Hatari ya kozi nzuri ni kurudi kazini na mabadiliko kumi kwa mpigo. Wafanyakazi wako hawakuwa darasani. Watakuona kama mtu aliyekwenda kujifunza maneno mapya ya kuwagombeza. Chagua jambo moja tu, lile la swali lako, na uwaeleze sababu yake kwa lugha wanayozungumza kila siku. Waeleze karani wa shule, mwalimu wa zamu na mwakilishi wa wazazi tarakimu za karo wakiwa pamoja, kisha uwaulize wao wangefanya nini. Mara nyingi jibu bora liko kwa anayepokea pesa mlangoni.

Baada ya kila kipindi cha darasa, tenga saa moja umfundishe naibu wako ulichojifunza. Utakielewa zaidi, naye ataweza kushika kazi siku usipokuwepo. Taasisi nyingi za mitaani hutetereka mtu mmoja anapoondoka, kwa sababu kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Ukiwafundisha wengine, karo yako imenunua zaidi ya elimu ya mtu mmoja.

Miezi mitatu baada ya kozi, rudi kwenye ile barua uliyomwandikia mwajiri. Weka tarakimu za zamani na mpya bega kwa bega, uzipeleke kwa bodi hata kama hukufikia lengo, na ueleze kilichozuia. Meneja anayeweza kusimama mbele ya bodi na kusema tulilenga 217, tumefika 209, na hawa wanane tutawafikia kwa njia hii, ataaminiwa kushika fedha kubwa zaidi mara inayofuata.

Basi kabla ya kujaza fomu yoyote, fanya mambo matatu wiki hii. Fungua daftari utafute tarakimu moja inayokusumbua. Iandike kama swali lenye lengo na tarehe. Kisha mwulize mhasibu kuhusu ada ya NITA. Hayo hayagharimu hata shilingi, na ukiyafanya utafika mlangoni mwa chuo chochote cha Nairobi ukijua unachokitaka, na ukiweza kutambua mapema kama wanacho.